Wasomaji Wauliza: Kufuata Pumzi na Kumtakia Mwenzio Heri

Katika toleo lililopita tulieleza mazoezi mawili ya Ubuddha wa Theravada, ule unaofuatwa Sri Lanka, Myanmar na Thailand. La kwanza ni sati, yaani kuwa macho na kinachotokea mwilini na moyoni wakati uleule kinapotokea. La pili ni metta, yaani kumtakia kiumbe heri bila kumdai kitu. Barua zimekuja nyingi, na karibu zote zinalalamikia jambo moja: mtu alijaribu, hakuona kitu, akaacha. Aghalabu kinachokwamisha ni kitu kidogo na kina dawa yake. Tumechagua barua zinazogusa wengi.

Nilikaa jioni kadhaa nikifuata pumzi kama mlivyoeleza. Kila nikikaa, mawazo ndiyo kwanza yanazidi: deni la saruji, ada ya mtoto, maneno niliyoambiwa kazini. Naona kichwa changu hakikuumbwa kwa jambo hili.
Fundi mwashi, Morogoro

Kichwa chako ni kizima, kaka. Mawazo hayo yalikuwepo mchana kutwa, ila mikono ilikuwa na kazi na masikio yalikuwa na kelele, hukuyaona. Sasa umeyaona. Zoezi halikutaki uyazuie. Linakutaka utambue kwamba umeondoka, kisha urudi kwenye pumzi. Ukiondoka mara 40 na kurudi mara 40, umefanya zoezi mara 40.

Hata hivyo tupange upya, maana tunahisi ulianza vibaya kwa mambo mawili: saa na mkao. Jioni, baada ya kubeba zege siku nzima, mwili unadai chakula na usingizi. Kaa alfajiri, kabla simu haijawashwa, dakika 10 tu, saa ileile kila siku. Weka kengele ili usiwe unachungulia saa. Dakika 10 za kila siku zinazaa kuliko saa nzima ya Jumapili, kwa sababu kinachojengwa hapa ni mazoea ya kurudi.

Mkao ni huu. Mkeka mtupu sakafuni ni wa chini mno kwa watu wengi: magoti yanabaki hewani, kiuno kinapinda kwa nyuma, na baada ya dakika tano maumivu ndiyo yanayokuwa zoezi. Kunja blanketi mara nne, ukalie ukingo wake, makalio yawe juu kuliko magoti. Kiti nacho kinafaa bila upungufu wowote, mradi nyayo zote mbili zikanyage chini na mgongo ujisimamie wenyewe. Mikono mapajani, taya imelegea, ulimi umetulia. Macho yafumbe au yatazame sakafu hatua moja mbele yako.

Kisha chagua mahali pamoja pa kuitazama pumzi na usipahame. Wengine hutumia tundu za pua. Wewe tunakushauri tumbo, njia iliyoenezwa na mtawa Mahasi Sayadaw wa Myanmar (1904–1982): linapopanda unajua linapanda, linaposhuka unajua linashuka. Mwendo wa tumbo ni mkubwa, haupotei upesi. Iache pumzi ijiendee. Wanaoivuta kwa nguvu au kuirefusha ili "itulie" hupata kizunguzungu na kubanwa kifua, halafu wakadhani zoezi limewakataa.

Mawazo yakiwa mengi mno, hesabu. Visuddhimagga, kitabu cha mwongozo kilichoandikwa na Buddhaghosa nchini Sri Lanka katika karne ya 5, kinatoa kanuni ambayo bado haijapata ya kuizidi: usiishie kabla ya 5, usipite 10. Chini ya tano akili inasongwa. Ukipita kumi inaishika namba na kuiacha pumzi. Hesabu mwisho wa kila pumzi inayotoka, moja mpaka kumi, kisha rudi moja. Ukipotea, anza moja, bila kujigombeza. Ukijikuta uko 17, basi namba zimekuwa zikijisomea zenyewe; rudi moja.

Deni la saruji likija, litaje kimoyomoyo kwa neno moja, "kuwaza", urudi tumboni. Likija mara ya kumi, acha kulitazama wazo na utazame mwili. Wazo linalong'ang'ania mara nyingi lina hofu au hasira chini yake, na hofu ina mahali pake: kooni, kifuani, chembe ya moyo. Kaa hapo kwa pumzi tatu. Ukilijibu wazo kwa wazo jingine, umefungua baraza ambalo halivunjiki mpaka kengele ilie. Kengele ikishalia, chukua daftari uandike deni hilo ni kiasi gani na utalilipa lini. Hiyo ndiyo nafasi yake.

Mimi nikifumba macho tu, dakika ya tatu nimelala. Nifanyeje?
Muuguzi wa zamu za usiku, Mombasa

Kwanza lala, dada. Aliyetoka zamu ana deni la usingizi, na deni hilo halilipwi kwa kukaa juu ya mto. Fanya zoezi baada ya kuamka na kunawa, macho wazi.

Ikiwa umelala vya kutosha na bado unasinzia, kuna maagizo ambayo Buddha, mwanzilishi wa dini hii, alimpa mwanafunzi wake Moggallana alipomkuta anasinzia kwenye zoezi. Aliache wazo lililoleta usingizi. Likishindikana hilo, ayakumbuke mafundisho aliyoyasikia, kisha ayakariri. Kisha avute masikio na kusugua viungo kwa mikono. Kisha asimame, anawe macho kwa maji, atazame angani na nyota. Kisha aelekeze akili kwenye mwanga, kama wa mchana. Kisha atembee mbele na nyuma. Yote yakishindikana, alale ubavu wa kulia akiwa amekusudia kuamka mara tu macho yatakapofunguka. Tazama mpangilio: unaanza na akili, unaingia mwilini, unafika kitandani, wala hakuna lawama mahali popote.

Kwako kutembea ndiko kutakakofaa zaidi. Chagua njia ya hatua 15. Chumbani hata hatua 8 zinatosha. Mguu unainuka, unakwenda, unakanyaga: yajue hayo matatu katika kila hatua. Ukifika mwisho simama pumzi moja, geuka, anza tena. Wanaokosea hapa huharakisha wakidhani wanakwenda mahali.

Asalaam aleikum. Nakaa dakika zangu kila siku na nafaidika, lakini nina wasiwasi: je, nimeingia dini nyingine?
Msomaji wa Tanga

Waaleikum salaam. Mtu huwa Mbuddha kwa kutamka kwamba anakimbilia kwa Buddha, kwa mafundisho yake na kwa jumuiya ya watawa wake. Kwa kawaida pia huahidi mambo matano: kutoua, kutochukua asichopewa, kutozini, kutosema uongo, kutotumia kileo. Kukaa na kuitazama pumzi si kiapo hicho. S. N. Goenka, aliyezaliwa Myanmar katika familia ya Kihindu na kuanza kufundisha India mwaka 1969, alipokea wanafunzi wa dini zote na hakumtaka yeyote abadili yake. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, aliyachukua mazoezi haya akayafanya programu ya wiki 8 kwa wagonjwa wenye maumivu ya kudumu, bila ibada ndani yake.

Hatutakuficha mzizi lakini. Zoezi limetoka katika hotuba za Buddha, na huko sati ni sehemu ya saba ya Njia ya sehemu nane, njia ambayo lengo lake ni kuikata mizizi ya mateso. Mbuddha anayekaa anakaa kwa nia hiyo. Wewe unaweza kukaa kwa nia ya kuwa mpole nyumbani na kuswali ukiwa umehudhuria kwa moyo. Yale ya ibada, kama kuinamia sanamu, kuweka maua na kukariri kwa Kipali, lugha ya maandiko yao, yaache kwa wenyewe. Na kama moyo bado hautulii, muulize sheikh unayemwamini kabla ya kuendelea. Wabuddha wenyewe huitaja shaka kuwa miongoni mwa vizuizi vitano vya taamuli, yaani mazoezi haya ya kukaa, pamoja na tamaa, chuki, uzito wa usingizi na mahangaiko. Anayekaa huku ana shaka hapati kitu. Msomaji Mkristo wa Songea aliyeuliza hilohilo naye achukue jibu hili, amwendee padri au mchungaji wake.

Nasoma yale maneno, "niwe salama, niwe na amani", lakini sisikii chochote moyoni. Najiona naigiza.
Mwalimu wa sekondari, Kigoma

Mwalimu, hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wengi huiacha metta kwenye hatua hii hii ambayo ndiyo yenye kazi.

Metta ni nia. Hisia ya joto kifuani huja siku nyingine na siku nyingine haiji, na hakuna anayeiamuru. Unachoweza kuamuru ni kuelekeza moyo: namtakia huyu heri. Ukipima zoezi kwa joto la kifua, utaanza kulilazimisha joto, na kulilazimisha ndiko kunakozaa huko kuigiza unakokuona. Pima kwa jinsi unavyomjibu mwanafunzi aliyechelewa.

Maneno yawe machache na yawe ya kwako. Manne yanatosha: "Niwe salama. Niwe na afya. Niwe na amani. Niishi bila taabu." Sema moja, acha pumzi mbili zipite huku unajua ulichosema, ndipo useme la pili. Ukiyapiga mfululizo kama tebo ya kuzidisha, yanakuwa kelele. Lugha ya nyumbani ni bora. Kama ulilelewa kwa Kiha, sema kwa Kiha.

Mpangilio wa kale ni huu: wewe mwenyewe, kisha mtu unayemheshimu na aliyekutendea wema, kisha rafiki wa karibu, kisha mtu wa kati usiyempenda wala kumchukia, na mwisho mwenye uadui nawe. Kuna watu wawili ambao Visuddhimagga inakataza kuanza nao. Mmoja ni yule unayemtamani, maana nia njema itageuka tamaa kabla hujajua. Mwingine ni marehemu. Kitabu kinasimulia habari za mtawa kijana aliyejitahidi kumwelekezea mwalimu wake metta asifike popote. Alipokwenda kwa mtawa mkubwa akaambiwa atafute sababu, akagundua kwamba mwalimu alikuwa ameshafariki. Alipomchagua mtu aliye hai, zoezi likashika. Hii haina maana kwamba marehemu hatakiwi heri. Moyo wa mwenye msiba unapomwelekea marehemu huingia huzuni, na huzuni ni zoezi jingine.

Kuanza na nafsi ndio utaratibu, lakini wengi waliolelewa kutumikia wengine hukwama hapo. "Niwe salama" inawakaa kooni kama majivuno. Ukiwa hivyo, anza na aliyekutendea wema. Mwone katika tendo moja dogo: shangazi akikukatia kipande kikubwa cha muhogo kuliko alichojikatia. Dakika tatu kwake. Halafu sema "mimi na shangazi tuwe salama", na polepole jibakize peke yako. Kwa mwezi wa kwanza dakika 15 kwa siku zinatosha: tano za pumzi, kumi za metta. Usianze na metta wakati akili bado inaruka. Maneno hayatapata pa kukaa.

Na darasani unalo zoezi la bure. Unapoita mahudhurio, kwa kila jina inua macho, mtazame mtoto, mtakie heri ya neno moja, ndipo useme jina linalofuata. Itakuongezea dakika moja au mbili kwa darasa zima, na siku ambayo hukuifanya utaijua kwa sauti yako mwenyewe.

Yapo mafundisho yanayotaja faida 11 za metta. Nne kati yake mtu anaweza kuzipima mwenyewe: analala vizuri, anaamka vizuri, haoti ndoto mbaya, na akili yake inatulia upesi. Angalia hizo baada ya miezi miwili, kabla ya hapo usizitafute.

Nina wifi yangu aliyenivunjia heshima mbele za watu kwenye shughuli. Mnasema nimtakie heri. Nikimtaja tu moyo unawaka moto.
Mama wa watoto watatu, Zanzibar

Dada, umeruka ngazi. Mwenye uadui huja mwisho, na wifi huyu hata miongoni mwa wenye uadui ndiye mkubwa. Muweke kando kwa sasa. Wiki mbili za kwanza kaa na nafsi yako na aliyekutendea wema. Wiki ya tatu na ya nne ongeza mtu wa kati: muuza samaki, mlinzi wa benki, yule jirani usiyejua hata jina lake. Watu wengi hupuuza hatua hii kwa kuiona haina ladha, kumbe ndiyo inayoufundisha moyo kumtakia heri mtu asiyekupa kitu. Asiyeipitia hana atakachompelekea adui. Baada ya hapo chukua mtu aliyekuudhi kidogo tu. Wifi aje baada ya huyo.

Siku ukimfikia, mpe dakika mbili, "Wifi awe na afya, awe na amani", kisha rudi kwa yule wa kwanza aliyekutendea wema. Moyo ukiwaka, usibishane nao. Rudi kwa mtu mwepesi mpaka utulie, ndipo umwendee tena. Visuddhimagga inatoa njia nyingi kwa ajili ya hatua hii peke yake, na wingi wake unaonyesha jinsi watawa wenyewe walivyoiona ngumu. Tunachagua nne.

Fikiria hasira inamfanya nini aliyeibeba: ni kama mtu anayeokota kaa la moto amtupie mwenzake, akaungua mkono yeye kwanza. Usilifikirie kwa maneno tu. Tazama taya lako, mabega yako, tumbo lako wakati unapomtaja. Kisha tafuta jambo moja jema kwake: katika matendo, au maneno, au moyo. Pengine anamuuguza mama yake vizuri. Shika hilo moja na uyaache hayo mengine. Kama kweli huoni hata moja, kitabu kinasema muonee huruma, kwa sababu mtu wa namna hiyo anajitengenezea mwisho mbaya. Ya tatu ni kumgawanya: unazikasirikia nywele zake? Kucha? Meno? Mifupa? Ukipita sehemu moja moja hupati mahali ambapo hasira inaweza kukaa. Inaonekana kama mchezo, lakini ifanye polepole, sehemu tano au sita, na uangalie jinsi yule "wifi" mkubwa uliyembeba kichwani anavyopungua.

Ya nne ni zawadi, na inakuja pale nyingine zote zimeshindwa. Toa kitu chako umpe. Kitabu kinamtaja mtawa aliyeondolewa chumbani mara tatu na mtawa mwingine. Alimpa yuleyule bakuli lake la thamani, alilopewa na mama yake. Kwa upande wenu mkate wa kumimina unatosha, uufunike kawa, umpe mtoto apeleke, bila ujumbe. Ukitia ujumbe, zawadi imekuwa hoja. Na asipojibu, au akirudisha sahani tupu, zoezi lako halikuharibika.

Mambo mawili huharibu kazi hii. Moja ni kumwendea mtu na kumwambia "nimekusamehe" ilhali yeye haoni kosa lake. Hapo mnaanza ugomvi mpya. Nyamaza nalo. Jingine ni kuomba "abadilike, aone aibu, atambue". Hayo ni madai yaliyovaa kanzu ya dua. Rudi kwenye maneno manne yaleyale unayojitakia mwenyewe.

Kama kuna jambo la haki katikati, mirathi au kiwanja, liendelee kwa sheha au mahakamani kama kawaida. Kumtakia mtu heri hakumpi haki yako.

Hamjambo. Mimi ni mtu mwema kwa tabia na ndugu wamelijua hilo. Wananikopa, hawarudishi, duka linakwisha. Je, hii metta si ndiyo itanimaliza kabisa?
Muuza mitumba, Nairobi

Hatujambo. Mapokeo ya Theravada yanataja nyoyo nne njema, na kila moja ina adui wa mbali anayejulikana, na adui wa karibu anayefanana nayo mpaka mtu akadanganyika. Metta, adui wake wa mbali ni chuki. Wa karibu ni mapenzi yenye kung'ang'ania. Karuna, huruma kwa anayeteseka, wa mbali ni ukatili. Wa karibu ni huzuni inayomzamisha mwenye huruma. Mudita, kufurahia mafanikio ya mwingine, wa mbali ni kuyachukia mafanikio hayo. Wa karibu ni kurukaruka kwa furaha ya mali. Upekkha, utulivu usioegemea upande, wa mbali ni tamaa na kinyongo. Wa karibu ni kutojali kwa mtu asiyeelewa.

Sasa jichunguze ni nani anayefungua droo ya pesa. Mara nyingi tunachokiita wema ni woga wa kuambiwa "umeringa tangu upate duka". Kipimo ni rahisi. Ndugu akiomba, vuta pumzi tatu kabla ya kujibu, tazama kifua. Kikibana, sema: "Nimekusikia, nitakujibu kesho." Usiku amua kiasi ambacho hata kisiporudi hutamsema kwa watu. Mpe hicho, kama zawadi, au usimpe kitu.

Kukataa nako kuna namna yake. Buddha alitaja sifa tano za neno lililosemwa vizuri: limesemwa kwa wakati wake, ni la kweli, ni laini, lina faida, na limetoka katika moyo wa nia njema. "Sina" ukiwa nazo linaanguka kwenye sifa ya pili. "Nyinyi ndugu mmenimaliza" linaanguka kwenye ya tatu. "Siwezi kukukopesha, lakini kesho njoo tukae tuone hesabu zako" linapita zote tano, kama kweli utakaa naye. Kanuni hii inafaa pia kabla ya kutuma ujumbe kwenye kundi la familia la WhatsApp: usome mara moja kwa kila sifa.

Na kuna mtihani mmoja katika Visuddhimagga ambao tunautaka uukumbuke. Umekaa na watu watatu: rafiki, mtu wa kati na adui, wewe ni wa nne. Majambazi wanakuja, wanataka wapewe mmoja wamchinje. Ukisema "mchukueni adui", metta yako bado ina mipaka. Ukisema "nichukueni mimi", kitabu kinasema bado ina mipaka vilevile. Imekamilika pale usipoona hata mmoja wa kutolewa. Ndugu yangu, wewe umekuwa ukijitoa kila mwezi.

Mimi nauza chakula. Naamka saa kumi usiku, nalala saa nne. Sina hizo dakika kumi.
Mama ntilie, Dar es Salaam

Basi chukua tendo moja unalolifanya kila siku na ulifanye zima, mama. Kunawa mikono ni zuri kwako: tangu unamwaga maji mpaka unafuta, jua baridi ya maji, sabuni, vidole. Mara kumi kwa siku, nusu dakika kila mara. Katika jumuiya ya Plum Village, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1982 na mtawa wa Vietnam Thich Nhat Hanh, kengele ikilia kila mtu husimamisha alichokishika akapumua. Wewe kengele yako ni simu: iache iite kwa pumzi mbili ndipo upokee. Na unapomkabidhi mteja sahani, mtazame usoni, mtakie ale salama.

Tendo moja kwa wiki moja. Ukianza yote matatu kesho, keshokutwa yote yamesahaulika.

Tangu nianze kukaa, picha za vita tulivyopitia zinarudi, moyo unaenda mbio, usiku silali. Niendelee mpaka ziishe?
Msomaji wa Bukavu

Hapana, ndugu yetu, usijikaze. Kufumba macho na kutazama ndani kunaweza kuamsha kumbukumbu nzito kwa aliyeona mabaya, na kuzidisha muda huzidisha hali. Acha kukaa macho yakiwa yamefumbwa. Fanya dakika tatu tu, macho wazi, umesimama au unatembea: jua nyayo zinavyokanyaga, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, gusa ukuta. Picha ikija, usiifuate wala kuichunguza. Rudi kwenye nyayo. Badala ya pumzi, tumia metta kwa mtoto mdogo unayempenda, maneno mawili tu.

Na mtafute mhudumu wa afya ya akili, hospitalini au kituo cha afya, umwambie kama ulivyotuambia sisi. Kama unatumia dawa, usiziache kwa sababu ya mazoezi. Ukifika mahali pa kutamani kujidhuru, usikae peke yako hata saa moja: mwambie mtu aliye karibu, akupeleke hospitali leo hii. Mafungo marefu ya kimya, yaani siku nyingi za kukaa kwenye zoezi bila kuongea, usiyaendee sasa.

Nataka mwalimu, vitabu vimenichosha. Niende wapi, na nikifika nifanye nini?
Mwanafunzi wa chuo, Dodoma

Dar es Salaam lipo hekalu la Wabuddha Upanga, lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka. Uganda kipo Kituo cha Wabuddha upande wa Entebbe, kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, mtawa ambaye ni Mganda. Piga simu kwanza uulize siku za mafunzo ya taamuli.

Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, vua viatu mlangoni, ukikaa chini usinyooshe nyayo kuelekea sanamu au watawa. Mtawa usimpe mkono, hasa kama wewe ni mwanamke. Viganja viwili pamoja kifuani vinatosha. Watawa wa Theravada hawali chakula baada ya adhuhuri, hivyo ukitaka kuwapelekea chakula kifike saa tano asubuhi. Mafundisho hayauzwi, kuna sanduku la mchango kwa anayetaka. Anayekudai pesa kwa siri ya taamuli muache.

Ukisikia habari za mafungo ya siku 10 ya utaratibu wa Goenka, ujue unachokiendea: kuamka saa kumi alfajiri, kuzima taa saa tatu na nusu usiku, saa zipatazo kumi za kukaa kila siku, na kimya mpaka siku ya kumi. Siku tatu za kwanza ni pumzi puani tu. Siku ya nne huanza kutazama mwili mzima. Metta hufundishwa siku ya kumi, kimya kinapofunguliwa. Ada hakuna. Wengi hutaka kuondoka siku ya pili na ya sita, kwa sababu ya magoti na upweke, kwa hiyo usiende kabla hujaweza kukaa nyumbani dakika 20 kila siku kwa miezi mitatu. Mwalimu atakuuliza afya yako kwenye fomu, mjibu kweli.